Je, filimu ya woga inapimwa na damu?



Siku ya posho moja, magaribi, nilikuta vijana wane wakigombana mbele ya lupango yetu. Haikuwa juu ya mupira. Walikuwa wametoka kuangalia filimu kwa jirani, na sasa walitaka kujua ni ipi inapita zingine zote. Mumoja alisema: «Ile ya 2021 njo ya nguvu, juu kuko bafu bengi.» Mwingine, mudogo kwao wote, akajibu polepole: «Miye naona ile ya kwanza. Ile ilinikataza kulala.» Wote wakamucheka: «Ya kwanza? Mule hata damu hakuna!»

Kiisha wakaniona. «Papa, weye unasema nini?»

Sikuwa na la kusema. Sisi wazazi wengi tuko hivi: tunasema mara moja tu kama filimu za woga zote ni mbaya, halafu tunarudi ku redio yetu. Mutoto anajua vizuri kama hatukuiangalia, na siku ingine hatuulizi tena. Basi nikawaambia: «Munipe muda. Nitaziangalia zote, kiisha tutaongea.» Wakati ule sikujua kama ziko 13. Ilinikamata majuma mengi. Bibi yangu aliangalia nusu ya ile ya kwanza, akaenda kufunga mulango wa nyuma na ufunguo, na hakurudi tena.

Maski ya dola mbili

Jina la hizi filimu ni Halloween. Ni usiku wa tarehe 31 ya mwezi wa kumi, mukesha wa siku ya Watakatifu Wote, na jina lenyewe linatoka mule. Mu Marekani watoto wanavaa maski, wanapita nyumba kwa nyumba wakiomba bonboni. Kwa watu wa kule ni usiku wa muchezo.

Filimu ya kwanza ilitoka mu mwaka 1978. Mwenye kuitengeneza, John Carpenter, alikuwa na miaka 30. Hadisi aliiandika pamoja na mwanamuke mumoja, Debra Hill. Feza zilikuwa karibu dola 300.000, kwa filimu ya Marekani, ile ni kidogo sana. Walifanya kazi siku kama 20 tu, na umasikini wao unaonekana kama uko na macho. Hadisi inasema tuko mu mwezi wa kumi, mu muji mudogo wa Haddonfield, mu jimbo la Illinois, wakati majani ya miti yanakauka na kuanguka. Lakini walikuwa California, na miti ilikuwa na majani mabichi. Ikabidi watengeneze majani ya uongo, wayapake rangi, wayamwange mu njia, kiisha wayaokote yote na kuyatia mu mifuko, juu kesho yake yatatumika tena mu njia ingine. Angalieni nyuma ya majani makavu: mutaona miti inacheka na majani mabichi.

Na ile maski nyeupe inayotisha dunia yote? Waliinunua mu duka, chini ya dola 2. Ilikuwa maski ya sura ya William Shatner, yule kapiteni wa chombo cha angani mu Star Trek. Wakaipaka rangi nyeupe, wakapanua matundu ya macho, wakaharibu nywele. Basi. Mutu aliyeivaa mara nyingi ni Nick Castle, rafiki wa Carpenter, aliyelipwa dola 25 kwa siku.

Mutu aliyetoa feza anastahili neno lake. Ni Moustapha Akkad, muzaliwa wa Aleppo mu Siria, aliyeishi Marekani. Ni yeye aliyetengeneza filimu kubwa ya 1976 juu ya mwanzo wa Uislamu, na nyuma ingine juu ya Omar Mukhtar, yule muzee wa Libia aliyepigana na Waitalia. Alibaki nyuma ya filimu za Halloween muda wote wa maisha yake. Mu mwaka 2005, kule Amman mu Yordani, mabomu yalilipuka mu hoteli. Akafa yeye na binti yake.

Sasa hadisi, kwa kifupi. Mu mwaka 1963 mutoto wa miaka 6, Michael Myers, anakamata kisu mu jiko na kuua dada yake mukubwa. Wakati wa kuua hatuoni ni nani: tunaangalia kupitia matundu ya maski, sawa vile ni sisi tunaopanda ngazi. Kiisha wazazi wanafika inje, wanamutoa maski, na tunaona sura ya katoto kadogo kamevaa nguo za kuchekesha watu. Wanamufunga mu hospitali ya wagonjwa wa akili. Nyuma ya miaka 15 anatoroka na kurudi mu muji wake. Munganga wake, Loomis, anamufuata na bastola. Na kuko wasichana watatu wa masomo: Laurie, Annie na Lynda. Njo ile tu.

Jirani aliyezima taa

Watu wangapi wanakufa mu filimu ya kwanza? Watano, kuhesabia na dada yake. Damu? Kidogo kabisa. Vijana wangu walikuwa na haki pale. Sasa sababu gani mudogo wao hakulala?

Niliangalia mara mbili ili nielewe. Nusu ya kwanza iko muchana, mu jua. Laurie yuko mu klasi, anaangalia ku dirisha, anaona motokari imesimama. Anaangalia tena, imekwenda. Anarudi kwao, anaangalia mu kiwanja, mutu amesimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Anapepesa macho, kuko mashuka tu. Hakuna aliyeguswa bado, lakini wewe mwenye kuangalia umeanza kukaza mukono wa kiti. Muchungaji huyu wa woga hana haraka.

Tena kuko Annie. Anaenda ku motokari yake, imefungwa, anarudi kutafuta ufunguo huku akiimba. Anafika mara ya pili, anavuta mulango, unafunguka. Ufunguo hakuutumia! Anaingia, anakaa, anaona vioo vimejaa mvuke wa pumzi. Wewe umekwisha kuelewa. Yeye anaelewa nyuma yako kidogo tu. Na kwa muda wa saa moja umemuona Annie akicheka, akijimwangia mafuta ya siagi ku nguo, akizungumuza mu telefone na bwana-mupenzi wake. Sasa akifa, ni Annie aliyekufa. Si «mufu wa pili».

Lakini fasi iliyonipiga sana ni ingine, na haina kisu. Laurie anatoroka, anakimbia ku nyumba ya jirani, anapiga mulango, analia kuomba musaada. Taa inawaka. Mutu anachungulia ku dirisha. Kiisha anafunga pazia na kuzima taa. Sisi tunaoishi ku makambi ya kazi, wenye kusikia usiku makelele ya mutu aliyeingiliwa na wezi, tunajua ile taa. Wengine wetu tumeizima. Filimu haisemi neno juu yake, inapita tu.

Na muziki. Carpenter aliutunga mwenyewe, mu siku tatu hivi, na kinanda. Ule mupigo wa tano-tano alifundishwa na baba yake, mwalimu wa muziki. Yeye mwenyewe alieleza kama mukubwa mumoja wa kompani ya sinema aliiona filimu mbele ya kutiwa muziki, na haikumutisha hata kidogo. Kwa hiyo, vijana, kama munataka kujua fundi amefanya nini, zimeni sauti dakika kumi. Mutaona mutu mwenye maski anatembea mu majani ya karatasi.

Ile filimu ya dola 300.000 iliingiza karibu milioni 47 mu Marekani peke yake. Na pale njo matata yalianza, juu feza ikiitika, watu wanarudi kuita tena.

Wakati muuaji anakuwa ndiye tunayemufuata

Halloween II ya 1981 inaendelea usiku ule ule, mu hospitali. Inaongeza damu, inaongeza sindano na maji ya moto, na inatuambia kama Laurie ni dada ya Michael. Carpenter aliyeandika hadisi hii alijuta nyuma juu ya ile. Ninamuelewa. Mu filimu ya kwanza Laurie aliwindwa kwa sababu alipita tu mbele ya nyumba fulani, asubuhi, kuacha ufunguo. Ingeweza kuwa binti yako. Sasa ikawa mambo ya jamaa lao. Wewe ulale salama.

Ya tatu, ya 1982, haina Michael hata kidogo. Wazo lilikuwa kutoa kila mwaka hadisi mupya, na hii ni juu ya mutu anayeuza maski za watoto zenye kuua. Watu waliolipa wakauliza: «Michael yuko wapi?» Wakakasirika. Miye ninaitetea. Ni filimu ya ajabu-ajabu, lakini iko na wazo lake: kitu kinachoingia mu nyumba kupitia televizio, na wimbo mudogo ambao kila mutoto anauimba bila kufikiri.

Basi wakamurudisha, mu 1988. Ya nne ina kitoto cha kike, Jamie, mutoto wa Laurie, na ule mutoto anacheza vizuri kupita wakubwa wote. Mwisho wake ni mwisho wenye nguvu kabisa nyuma ya ule wa kwanza: Jamie anasimama juu ya ngazi, amevaa nguo zile zile za kuchekesha, mukasi wenye damu ku mukono. Filimu inaisha pale. Mwaka mumoja tu nyuma yake ikatoka ya tano, ikasema hapana, mama aliyechomwa hakufa, mutoto si muuaji, tusahau. Ikatia mutu mwenye nguo nyeusi anayetembea-tembea, bila kutuambia ni nani. Ya sita, 1995, ikabidi itafute jibu: ni wachawi wa chama cha siri, na alama ya kale, na nyota. Niliangalia nikashika kichwa. Mutu mwenye maski aliyetisha kwa sababu hakuna aliyemujua, leo yuko na sababu sawa karatasi ya kompani. Muzee Donald Pleasence, aliyecheza munganga Loomis na moyo wake wote mu filimu tano, alikufa mu mwezi wa pili wa 1995, mbele ya ile filimu kutoka.

Angalieni pia vile majina ya wanaokufa yanapotea. Mu ya kwanza ninaweza kuwataja wote. Mu ya tano nilimuliza kijana mukubwa: «Yule aliyekufa mu lupango la ng'ombe aliitwa nani?» Akacheka. Hakujua, na aliiangalia juzi. Lakini alijua vizuri ni chombo gani kilimuua. Pale njo kipimo changu kilizaliwa, wapendwa: kama nyuma ya filimu ninakumbuka chombo na sikumbuki mutu, filimu imeniharibia kitu.

Ya saba, 1998, ilijaribu kurudi. Laurie ni mukubwa wa masomo, amebadilisha jina, anakunywa pombe kwa siri, anamubana mutoto wake sababu ya woga wa miaka 20. Mwisho anakamata shoka mwenyewe na kukata kichwa. Ingeweza kuisha pale kwa heshima. Mu 2002 wakatuambia kama aliyekatwa kichwa alikuwa mutu wa ambilansi aliyevalishwa maski kwa nguvu. Laurie anauawa mu dakika za kwanza, na yanayobaki ni vijana wenye kamera mu nyumba. Hii ya nane iache. Hata umeme ukikatika katikati, usihuzunike.

Rob Zombie akaianza upya mu 2007, na kuongeza ingine mu 2009. Yeye anaonyesha utoto wa Michael: matusi mu nyumba, baba wa kambo mulevi, masomo ya kuchekwa. Kazi si ya mutu mujinga. Lakini ukatili wake unachokesha, na matusi yake siwezi kuyaleta mu nyumba yenye watoto.

Mambo mawili yanayotuhusu

Wakristo wamoja waliniambia: «Lakini filimu inafundisha! Wasichana wenye kuzini wanakufa, yule mwenye adabu anapona.» Carpenter alikataa kama hakukusudia ile. Na miye nikiangalia, naona Laurie anapona kwa sababu macho yake yako wazi, wenzake wanaangalia wapenzi wao. Tena naye anavuta bangi mu motokari pamoja na Annie, tusimufanye mutakatifu. Filimu inayoua wasichana ili kutufundisha usafi si musaada kwa mwalimu yeyote wa katekisimu.

Ya pili ni nzito. Munganga Loomis anasema kama alimuangalia mutoto wa miaka 6 mu macho na hakuona kitu kingine isipokuwa ubaya. Mu sinema inapendeza, sauti ya muzee inatetemeka, unamuamini. Lakini mu miji yetu tunajua watoto waliofukuzwa kwao kwa maneno kama yale: ni muchawi, macho yake si ya mutu. Tunawaona wanalala ku soko. Kijana anayetoka mu filimu na neno lile mu kichwa, akifika kwao akute mudogo wake anaota usiku na kukojoa, atafikiri nini? Hapa mukubwa anatakiwa akae pamoja nao ku kiti. Michael Myers ni maski ya dola mbili. Mutoto wa jirani ana homa.

Na ni ajabu, filimu zenyewe mwishoni ziliona hii hatari. Ya 2018, iliyotengenezwa na David Gordon Green, ilitupa zote za katikati na kuendelea moja kwa moja kutoka ya kwanza. Carpenter alirudi kwa muziki. Iliingiza zaidi ya dola milioni 250 mu dunia. Laurie ni nyanya sasa, nyumba yake ni sawa ngome, na binti yake alikamatwa na serikali akiwa mutoto kwa sababu mama alimufundisha bunduki badala ya kucheza. Vizazi vitatu vya wanawake mu nyumba moja: ni filimu juu ya mama aliyeumizwa, na vile kidonda chake kilipita kwa mutoto. Kwangu miye inafuata ile ya kwanza.

Mu ile ya 2021, ile ya bafu bengi, watu wa muji wanakusanyika mu hospitali na kulia kwa sauti moja kama leo ubaya utakufa. Wanaona mutu asiyejulikana, mugonjwa mwingine aliyetoroka. Wanamukimbiza mu ngazi, mu mikongo. Binti ya Laurie anajaribu kuwatuliza na kumusaidia. Hawasikii. Yule mutu anapanda ku dirisha na kujitupa chini. Filimu yenyewe ni mbaya kwa kuwa inapenda sana kuchinja, na zile dakika kumi zinapotea mu damu. Lakini zile dakika kumi ningezionyesha ku kila kata ambako watu wamewahi kuchoma mutu na tairi kwa sababu mumoja alilia «mwizi».

Ya mwisho, 2022, haikupendwa na wengi, kwa sababu inaangalia zaidi kijana mwingine, Corey, ambaye muji umemuchukia kwa ajili ya bahati mbaya hata akawa kile walichosema. Michael anaishia mu mashini ya kusaga vyuma vizee, muji wote wamesimama kuangalia. Wafanyakazi wa konkaseri mutaelewa kama pale hapana kurudi. Ingawa na hawa watu wa sinema, siapi.

Siku ya posho iliyofuata nilikaa na wale vijana wane. Niliwaambia mawazo yangu: ya kwanza, kiisha ya 2018, kiisha mwisho wa ya nne, zingine wanaweza kuishi bila kuziona, na watoto wa chini ya miaka 15 waache zote. Mukubwa wao hakukubali. Anasema bado ya 2021 njo ya nguvu. Lakini aliniuliza jina la yule mutu aliyejitupa ku dirisha, hakuwa amelishika. Tukarudisha filimu nyuma kulitafuta. Wakati tuko tunatafuta, yule mudogo akasema: «Na ule jirani aliyezima taa? Yeye anaitwa nani?»

Hatukulipata. Mu filimu hana jina.